Betri Nyuma ya Gari: Mahali pa Betri katika Historia ya Barabara za Busia na Tororo

Historia ya usafiri wa magari katika mpaka wa Uganda na Kenya imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata injini na mzigo: reli iliyofika kwanza, malori yaliyoifuata, kahawa iliyovushwa usiku, na foleni za mpakani pale Malaba. Betri imeachiwa mafundi, na hata swali jepesi la mahali inapokaa ndani ya gari halijapewa uzito linaostahili. Mahali hapo, hata hivyo, pamebadilika zaidi ya mara moja, kwa kuwa betri ilianza nyuma, ikaletwa mbele chini ya boneti, na sasa inarudi nyuma katika magari mengi yanayopita Malaba na Busia. Kila ilipohama iliwaletea mafundi wa Busia, wa Tororo na wa vituo vidogo vya biashara kama vile vya gombolola ya Sikuda (gombolola ni ngazi ya utawala wa Uganda iliyo chini ya kaunti) mtihani mmoja, nao ni wa kusafirisha mkondo mkubwa wa umeme kutoka betri hadi mota ya kuwashia injini, yaani starta, bila kuupoteza njiani na bila kuliunguza gari.

Betri inayozungumziwa hapa ni ile ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na kuboreshwa na mwenzake Camille Faure mwaka 1881, muda mrefu kabla magari hayajaihitaji. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji, na kila chumba kimoja cha mabamba hayo, kiitwacho seli, hutoa takriban volti 2, hivyo kwamba seli tatu hufanya betri ya volti 6 na seli sita hufanya ile ya volti 12. Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungushwa mkono kwa chuma, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi, mpaka mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilipotoa gari lenye starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Ford Model T, gari lililoenea duniani kuliko mengine yote ya zama zake, lilipata starta ya namna hiyo mwaka 1919, na betri yake ya volti 6 iliwekwa chini ya sakafu ya nyuma. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuihamishia betri nyuma ni ubunifu wa vijana wa magari ya mbio anapaswa kukumbuka kwamba huko ndiko ilikoanzia, na kwamba kuletwa kwake chini ya boneti ni desturi iliyotawala baadaye, kwa sababu huko betri ilikuwa karibu na starta na fundi aliifikia kwa urahisi.

Nchi ambamo magari hayo yaliingia ilikuwa bado changa kama nchi yenye mpaka. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea mpaka karibu na Naivasha, na ni uhamisho wa jimbo hilo kwenda katika utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, Aprili mwaka huo, uliousogeza mpaka magharibi hadi maeneo ya mito Sio na Malaba, ukawagawa Wasamia, Wateso na jamaa zao katika tawala mbili. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret iliingia Tororo katika miaka ya 1920, tawi lake la kaskazini likafika Soroti mwaka 1929, na njia kuu ikavuka Mto Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Kwa miongo miwili iliyofuata reli ndiyo iliyobeba mizigo mizito, gari likawa chombo cha kumalizia safari: kutoka stesheni hadi kwenye kinu cha pamba, kutoka kinu hadi sokoni. Safari zilikuwa fupi, injini ilizimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, na hakuna kitu kinachoichosha betri kama kuwashwa mara kwa mara bila mwendo wa kutosha kuijaza tena.

Gari lililowaonyesha watu wa Afrika Mashariki faida ya betri ya nyuma lilikuwa Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, na tangu mwaka huo wa kwanza Volkswagen ilijitokeza mbele ya magari makubwa na ya bei ghali. Ikashinda mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Injini yake ilikuwa nyuma, na betri ilikaa chini ya kiti cha abiria wa nyuma, upande wa kulia, hatua chache tu kutoka kwenye starta. Ukaribu huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa gari hilo lilitumia umeme wa volti 6 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na starta ya volti 6 huhitaji mkondo maradufu ya ule wa volti 12 ili kufanya kazi ileile, kiasi kwamba waya ukirefushwa kidogo tu sehemu kubwa ya nguvu huishia kuupasha waya joto. Zaidi ya hayo, betri ilikuwa mbali na vumbi, na uzito wake ulikandamiza magurudumu ya nyuma ambayo ndiyo yaliyolisukuma gari, faida isiyodharaulika katika tope la masika.

Ubaya wake nao ulijulikana kwa mafundi. Kiti cha nyuma kilikuwa na springi za chuma, na kifuniko cha betri kikipotea, jambo la kawaida kwa gari lililopita mikononi mwa wamiliki wengi, abiria mzito akiketi springi hizo zilishuka na kugusa vichwa vyote viwili vya betri, umeme ukapita ndani ya springi, zikawa nyekundu kwa moto na kuwasha kitambaa na makumbi ya kiti. Asidi iliyomwagika wakati wa kuongeza maji nayo ilikula sakafu taratibu bila mtu kuona, hata siku moja betri ikaning'inia au kudondoka barabarani. Mambo haya mawili, kifuniko na sakafu, yanafaa kukumbukwa, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa mpaka leo na wanaohamisha betri nyuma kwa mikono yao wenyewe.

Mfano wa pili ulikuja mwaka 1959, na ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Alec Issigonis alipobuni Mini, gari lenye urefu wa mita 3 tu na ushei, aliilaza injini kwa upana ili abaki na nafasi ya watu wanne, na chini ya boneti hapakubaki pa kuiweka betri, hivyo ikapelekwa kwenye sakafu ya buti huku injini na starta vikiwa mbele. Hapa ndipo tofauti inapoonekana wazi: katika Volkswagen betri ilikuwa nyuma na karibu na starta, katika Mini ilikuwa nyuma na mbali nayo. Neno “nyuma” peke yake, basi, halimwelezi fundi lolote la maana. Kinachomhusu ni urefu wa waya.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuwekwa mbele ya msomaji. Starta ya gari dogo yaweza kuvuta ampea 200 wakati wa kuwasha. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 4, yaani kutoka buti hadi mbele ya gari la kawaida, ukiwa na unene wa milimita za mraba 16, hupoteza karibu volti 0.9 kwa mkondo huo. Ukiwa na milimita za mraba 35, hasara hushuka hadi volti 0.4 hivi. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na wakati wa kuwasha, hata betri nzima hushuka, ila isipungue volti 9.6, kwa hiyo volti moja inayopotea njiani ni tofauti kati ya gari linalowaka na gari linalosukumwa. Hasara hiyo ni ya waya wa chanya pekee, kwa maana umeme lazima urudi, na katika magari mengi hurudi kupitia bati la bodi. Mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi pakiwa na rangi au kutu, ukinzani, yaani ule ugumu wa umeme kupita, huongezeka na kuuharibu utaratibu wote, hata waya wa chanya uwe mnene namna gani. Fundi mzuri huikwangua rangi mpaka bati ling'ae, hufunga kwa nati, kisha hupaka grisi juu yake. Magari ya Kiingereza ya wakati huo yaliongeza utata wa aina yake, kwani mengi, Mini ikiwamo, yaliunganisha bodi na upande wa chanya badala ya hasi hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na aliyezoea Volkswagen aliweza kuiharibu dinamo ya Mini kwa kufunga betri kinyume.

Wakati ambapo mafundi walikuwa wakizoea magari hayo, umeme wenyewe ulikuwa umeingia Tororo. Kiwanda cha saruji kilijengwa mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls likazinduliwa Jinja mwaka 1954, na kuelekea mwisho wa muongo huo Uganda ilianza kuiuzia Kenya umeme kwa nyaya za msongo mkubwa zilizopitia Tororo. Nyaya hizo zilipita juu ya vijiji visivyokuwa na taa hata moja. Umeme wa mjini, hata hivyo, uliwezesha duka la kuchaji betri kuwapo, na duka hilo likaanzisha desturi ambayo imedumu kwa miongo mingi pande zote mbili za mpaka: kuitoa betri ndani ya gari kabisa na kuipa kazi ya nyumbani, iwashe redio, baadaye televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, kisha balbu na simu. Betri ilisafirishwa mjini kwa baiskeli, ikiwa imefungwa kwa mpira kwenye keria, na keria hiyo ndiyo iliyobeba pia abiria wa Busia na Malaba walioipa Afrika Mashariki neno boda boda. Mchaji alifungua vizibo, akapima uzito wa asidi kwa haidromita, yaani bomba la kioo lenye kipimo kinachoelea, akaongeza maji ya betri, na kuiacha usiku kucha. Kazi hii ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wasioijua gereji kuielewa betri, na yapasa kuhesabiwa kama shule, sawa na karakana za chuo cha zana za kilimo kilichokuwa Busitema, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, kabla ya chuo kikuu kuanzishwa hapo mwaka 2007.

Miaka ya 1970 ilibadili kila kitu. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na Agosti mwaka uliofuata akatangaza kufukuzwa kwa Waasia, ambao mikononi mwao yalikuwa maduka mengi ya vipuri na gereji za miji kama Tororo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na reli na bandari za pamoja, ikavunjika mwaka 1977. Katikati ya hayo baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani, na kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa njia za magendo, Chepkube upande wa Bungoma ikivuma kwa biashara hiyo na Busia ikishiriki kwa njia zake za mitoni na majini. Vilivyorudi Uganda kwa njia hizo vilikuwa chumvi, sabuni, mafuta na vipuri. Betri haikuwa bidhaa rahisi ya magendo, kwa kuwa ni nzito na ikilazwa humwaga asidi, lakini bila hiyo gari lilibaki chuma kisicho na kazi, na ukosefu huo uliwalazimu wenye magari kuzitumia betri kuukuu hadi mwisho kabisa wa uhai wake. Ni katika hali ya namna hii ndipo joto la injini linapokuwa adui wa kweli, maana maisha ya betri hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango cha kawaida cha nyuzi 25, na chini ya boneti ya gari linalopanda na kusimama katika jua la nyanda hizi joto hupita kiwango hicho kwa mbali. Peugeot 404, ambayo ilishinda Safari mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na ambayo ikawa teksi ya safari ndefu pande zote mbili, ilikuwa na betri yake mbele, ndani ya joto hilo.

Lori lilipata suluhisho lake mapema na halikuliacha. Malori makubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kufunga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na betri hizo hukaa nje, ubavuni mwa chesi nyuma ya kibanda cha dereva. Hapo hupata upepo, huwa karibu vya kutosha na starta, na hazimwagii asidi mtu yeyote. Hupata pia wezi, na ndiyo sababu kisanduku cha betri cha lori la masafa marefu huonekana kimezungushiwa nondo zilizochomelewa na kufuli kubwa juu yake. Tangu reli ilipodhoofika na mizigo ya Mombasa kuhamia barabarani, kisanduku hicho kimekuwa sehemu ya mandhari ya Malaba. Januari 2022, Uganda ilipodai madereva wote wapimwe virusi vya korona mpakani, foleni ya malori ilienea makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na kwa siku nyingi betri hizo zililisha taa, redio na simu za madereva wakati injini zimezimwa, bila mwendo wowote wa kuzijaza. Busia kwa upande wake ilikuwa imefungua kituo cha pamoja cha forodha Februari 2018, ambapo gari hukaguliwa mara moja tu, katika nchi linakoingia, na kila saa inayookolewa hapo ni saa ambayo betri ya lori haikukaushwa.

Magari madogo yaliporudi kwa wingi, yalirudi kama mitumba kutoka Japani, baada ya biashara ya nje kulegezwa katika miaka ya 1990, na mengi yao yalikuwa na betri chini ya boneti kama kawaida. Katika kipindi hiki ndipo desturi ya kuihamisha betri kwa hiari ilipoingia kutoka kwa wapenda mbio, ambao lengo lao ni kuusogeza nyuma uzito wa kilo 15 hadi 20 katika gari ambalo pua yake tayari ni nzito. Kwa gari la barabara za Busia na Tororo linalobeba magunia kwenye buti faida hiyo ni ndogo mno, na anayetaka kuihamisha hana budi kupima gharama yake: waya mnene wa shaba uliopitishwa ndani ya bomba la mpira kila unapotoboa bati, fyuzi kubwa iliyofungwa karibu kabisa na betri yenyewe, fremu ya chuma inayoishika betri isiruke gari likigonga, na kisanduku kilichofunikwa chenye bomba la kutolea hewa nje. Fyuzi ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ya hatari zaidi, kwani waya wa mita 4 usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi chini ya kapeti hakuna kitu kitakachoukata umeme huo isipokuwa moto.

Bomba la hewa lina sababu yake pia. Betri inapojazwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa iliyofungiwa huweza kulipuka kwa cheche moja. Chini ya boneti upepo huiondoa. Ndani ya buti, ambamo abiria na mizigo hushiriki hewa ileile, haina pa kwenda.

Magari yaliyotengenezwa kiwandani yakiwa na betri nyuma yalilizingatia hilo tangu mwanzo, na hayo ndiyo yanayozidi kuonekana kati ya Busia na Tororo: BMW nyingi, na hasa Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ambayo betri yake ndogo ya volti 12 imo kwenye kona ya kulia ya sehemu ya mizigo. Prius ilimaliza ule ubishi wa waya mrefu kwa njia ambayo Issigonis hakuwa nayo, kwani injini yake haiwashwi na betri hiyo bali na mota kubwa inayolishwa na betri nyingine yenye msongo mkubwa, na hiyo ndogo huamsha kompyuta tu, kazi isiyohitaji ampea nyingi. Ilileta tatizo jipya badala yake. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa umeme, kwa hiyo betri ikiisha kabisa mwenye gari hushindwa kuifikia betri yenyewe, na fundi asiyelijua gari hilo huanza kuvunja kitasa. Anayelijua hufungua boneti, hutafuta ndani ya kisanduku cha fyuzi ncha ya chuma yenye kifuniko chekundu iliyowekwa kwa ajili hiyo, huunganisha hapo waya wa chanya kutoka gari jingine na ule wa hasi kwenye chuma cha bodi, kisha mlango wa nyuma huweza kufunguliwa kama kawaida. Inapofika zamu ya kuibadilisha, betri ya kawaida ya dukani, hata ikitosha kwa vipimo, haifai kuwekwa humo, kwa sababu ile ya asili ina tundu la kuunganishia bomba jembamba linalotoa gesi nje ya gari, na fundi anayeliacha bomba hilo likining'inia anairudisha ndani ya gari ile hatari ambayo kiwanda kiliitoa nje.